Kampuni inataka mzee aongeze mkataba wa shamba "mpaka uchimbaji utakapokamilika". Asaini?

BintiMikorosho (Mtwara) ameuliza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo. Naandika kwa niaba ya baba yangu. Yuko Mtwara vijijini, kijiji sitakitaja kwa kuwa watu wenyewe tunaonana nao kila wiki, na kampuni nayo naomba niiache bila jina. Nisomeni mpaka mwisho tafadhali, mkataba unaisha mwezi huu.

Baba ana shamba la ekari tisa alilorithi kwa marehemu babu. Ni mikorosho ya zamani, mingine ilipandwa kabla mimi sijazaliwa. Miaka mitatu iliyopita walikuja watu wa kampuni wakiongozana na mwenyekiti wa kijiji. Walisema kisima cha gesi kitachimbwa jirani, na wao wanahitaji ekari sita za upande wa barabara kwa ajili ya kambi na sehemu ya kuweka mabomba na mitambo. Wakakubaliana kukodi kwa miaka mitatu, shilingi laki mbili kwa ekari kwa mwaka, yaani milioni moja na laki mbili kwa ekari zote sita. Mikorosho iliyokuwa pale ikahesabiwa, ikalipwa, ikang'olewa kwa katapila.

Kisima hakijachimbwa mpaka leo. Walizungusha waya upande mmoja, wakamwaga kokoto sehemu ndogo karibu na barabara, wakaweka makontena mawili na mlinzi. Sehemu nyingine yote ni nyasi, na visiki vingine vimeanza kuchipua. Mwaka jana baba aliona ardhi imekaa bure, akapanda mihogo na kunde kule mwisho kabisa, mbali na kokoto. Wakaja kumwambia ang'oe, mitambo inaweza kufika wakati wowote. Nilikuwa nyumbani siku ile. Tuling'oa mihogo ambayo mizizi yake haijafika hata unene wa kidole gumba, mama akaikusanya akawapa mbuzi. Mitambo haikuja mwezi ule, wala mwezi uliofuata, wala mpaka sasa ninapoandika.

Kodi ya mwaka wa tatu nayo ilichelewa sana. Ilikuja wakati minada ya korosho imeshafungwa na ada za shule tumeshakopa.

Sasa wameleta karatasi ya ukurasa mmoja, "Nyongeza ya Mkataba". Nanakili sehemu inayonikosesha usingizi: "Muda wa mkataba unaongezwa kwa miaka mitano kuanzia tarehe ya kuisha kwa muda wa awali, au mpaka uchimbaji utakapokamilika, lolote litakalochelewa kutokea. Masharti mengine yote yanabaki kama yalivyo." Bei ni ileile. Aliyeileta alimwambia baba kwamba akisaini wiki hii atapata laki tano mkononi, ya shukrani.

Nyumbani tumegawanyika. Kaka yangu wa Dar anasema tusisaini mpaka watupe asilimia ya gesi. Amesoma kwamba Marekani mwenye shamba analipwa fedha ya kusaini kwa kila ekari, halafu gesi ikitoka anapata asilimia 12.5. Akaona pia kwamba sheria yetu ya petroli ya 2015 inataja mrabaha, yaani sehemu ya mapato ya gesi, wa asilimia 12.5, kwa hiyo anasema ni haki yetu na tunadhulumiwa. Mama hataki habari hiyo kabisa, anataka shamba lirudi apande mikorosho mipya. Baba anaogopa. Anasema gesi ni ya serikali, akikataa watalichukua shamba bure, bora asaini apate hicho kidogo.

Naomba kujua kwa uhakika. Hiyo asilimia ipo au haipo? Baba akikataa, wanaweza kulichukua? Na kama ni kuongeza muda, tuongeze kwa masharti gani ili huyu mzee asife akisubiri mtambo?

---

MchingaNyumbani amejibu:

Dada pole sana. Mimi ni wa Lindi, na kitu kimoja tunachokijua huku ni kusubiri gesi.

Hebu mwambie mzee aangalie historia ya kwetu kusini. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ikaanza kutumika 2004. Mnazi Bay, hapo kwenu Msimbati, iligunduliwa 1982, na umeme wa gesi ile ukaanza kuwaka Mtwara mwishoni mwa 2006. Gesi ya bahari kuu ilianza kupatikana 2010, na mtambo wa kuisindika unaotarajiwa kujengwa hapa Likong'o bado tunausubiri. Wananchi wa Likong'o, Mto Mkavu na Masasi ya Leo walilipwa fidia 2020 wakapisha eneo. Watoto waliokuwa darasa la kwanza gesi ile inapogunduliwa leo ni wazazi.

Sisemi gesi haitakuja. Nataka ije, vijana wetu wanaihitaji. Ila mtu anapokwambia "mpaka uchimbaji utakapokamilika" na huku kusini gesi imeshakaa ardhini miaka 24 na miaka 30 kabla ya kutumika, ujue hayo si maneno madogo. Mzee wako anaweza kusaini leo, na wajukuu zake wakarithi mkataba badala ya shamba.

Na hiyo laki tano ya "wiki hii" isiwape presha. Kama shamba wanalihitaji leo, wiki ijayo watalihitaji pia.

---

MmakondeUghaibuni amejibu:

Habari dada. Natokea Newala, ila kwa miaka mingi naishi Pennsylvania, Marekani, jirani kabisa na visima vya gesi. Nieleze huyo kaka amesoma nini, maana amesoma jambo la kweli ila ni la nchi nyingine.

Huku mwenye ardhi anaweza kumiliki na kilicho chini yake. Nasema anaweza, kwa sababu familia nyingi ziliuza haki ya chini zamani, zikabaki na shamba la juu tu, na hizo hazipati kitu gesi ikitoka. Kwa mwenye haki zote mbili, kampuni inakuja kukodi haki ya kuchimba. Inamlipa fedha ya kusaini kwa kila ekari, na mkataba unakuwa na muda wa kwanza, mara nyingi miaka mitano. Kisima kikichimbwa na gesi ikauzwa ndani ya muda huo, mkataba unaendelea kwa kadiri gesi inavyotoka na mwenye ardhi anapata mrabaha. Hapa Pennsylvania sheria ya 1979 inasema usipungue sehemu moja ya nane, ndiyo hiyo asilimia 12.5 aliyoiona kaka. Hata hivyo wapo wengi wanaolalamika kwamba hundi inafika imeshakatwa gharama za kusafisha na kusafirisha gesi.

Sasa sikiliza sehemu inayowahusu ninyi. Karibu 2008 kampuni zilikimbilia huku, kila mtu akasaini. Kisha bei ya gesi ikaanguka, visima vingi havikuchimbwa, na ile miaka mitano ikaanza kuisha. Wenye mashamba wakaletewa karatasi za kuongeza muda, sawasawa na mzee. Waliokuwa makini hawakuongeza bure. Walidai fedha ya kusaini ilipwe upya, yote, siku ya kusaini nyongeza. Jambo la pili walilolidai ni kwamba ekari ambazo kampuni haizitumii zirudi kwa mwenyewe, isiwe kisima kimoja kwenye kona kinafunga shamba zima.

Mrabaha wa huku hamuwezi kuudai huko. Ila haya mawili, kulipia muda upya na kurudisha kisichotumika, hayategemei nani anamiliki gesi. Ni makubaliano ya kawaida ya mtu na mpangaji wake. Hayo yachukueni.

---

MthaminiMstaafu amejibu:

Marahaba mwanangu. Nimefanya kazi ya uthamini wa ardhi serikalini mpaka nilipostaafu, na nimesoma ulichoandika mara mbili. Nitajibu kwa urefu, kwa kuwa mzee wako anaogopa kitu kisicho na sababu ya kuogopwa, na anakipita kile kinachostahili kuogopwa.

Kwanza asilimia. Kwa sheria yetu mafuta na gesi yote ardhini ni mali ya Jamhuri ya Muungano, hata kama iko chini ya kitanda chako. Ule mrabaha wa asilimia 12.5 katika Sheria ya Petroli ya 2015 ni wa maeneo ya nchi kavu na kina kifupi cha bahari, kule kina kirefu ni 7.5, na wote unakwenda serikalini. Halmashauri ya wilaya nayo inapata ushuru wa huduma kutoka kwenye mapato ya kampuni. Mwenye shamba hayumo katika hesabu hizo. Kaka aliona namba moja katika nchi mbili akadhani ni kitu kimoja. Mwambieni bila kumlaumu, maana amehangaika kutafuta. Ila msiende kwenye mazungumzo mkidai asilimia, mtaonekana hamjui mnachokidai na hata madai yenu ya haki yatapuuzwa.

Hofu ya baba sasa. Gesi ni ya serikali, ndiyo. Shamba si la kampuni. Leseni ya kutafuta au kuendeleza gesi haimpi mwenye leseni ruhusa ya kukaa juu ya shamba lako pasipo ridhaa wala malipo. Serikali inaweza kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 ipo na inatumika. Lakini njia hiyo ina hatua zake. Mnapewa taarifa, anakuja mthamini, mnahesabiwa ardhi na maendelezo yake, mnaongezewa posho ya usumbufu na ya usafiri, posho ya makazi kama mna nyumba pale, na faida mnayoipoteza kama mnafanya biashara. Kitabu cha uthamini kinaidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Tangu sheria ya uthamini ya 2016, fidia inatakiwa ilipwe ndani ya miezi sita baada ya kuidhinishwa, ikichelewa inazaa riba, na ikipita miaka miwili bila malipo uthamini ule unakufa, inabidi ufanywe upya. Je, hiyo inaitwa kuchukuliwa bure? Mzee akikataa kusaini karatasi ya kampuni binafsi, hakuna katapila litakaloingia kesho yake kwa jina la serikali. Na kama kuna mtu anamtisha hivyo, aulizwe kwa upole aandike.

Kinachostahili kuogopwa ni yale maneno matatu, "lolote litakalochelewa kutokea". Miaka mitano ikiisha na kisima hakijachimbwa, mkataba unaendelea. Miaka ishirini ikipita na kisima hakijachimbwa, mkataba unaendelea, na kampuni haijavunja sharti hata moja kwa sababu haikuahidi kuchimba lini. Tena kwa laki mbili ileile, kwa kuwa "masharti mengine yote yanabaki". Huku kwetu mnajua kangomba: mtu anakuja njaa imebana, ananunua korosho ikingali ua, kwa bei ya chumvi. Karatasi hiyo inanunua miaka ya mzee kwa namna hiyohiyo, na laki tano ndiyo inayotangulizwa.

Tuangalie hiyo laki mbili. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wanashauri mikorosho ipandwe mita 12 kwa 12, ekari moja inaingia miti 28 hivi. Ekari sita ni miti 168. Chukua kilo 8 tu kwa mti, mti uliotunzwa na kupuliziwa unazidi hapo. Ni kilo 1,344. Kwa shilingi 2,500 kwa kilo unapata 3,360,000. Palizi, dawa, magunia na makato ya chama cha ushirika vikila nusu nzima, mzee anabaki na 1,680,000 kwa mwaka. Yeye analipwa 1,200,000. Na sikuchukua bei ya juu, msimu wa 2024 minada ya kwanza ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Nakubali kwamba kodi haina jasho, na mzee hana nguvu za kupalilia ekari sita kila mwaka, hilo mlipime kama familia. Nakubali pia kwamba mikorosho mipya inachukua miaka kabla ya kuzaa vizuri. Lakini bei ya miaka mitatu iliyopita isiachwe itawale miaka mitano ijayo bila hata kujadiliwa.

Ningekuwa mimi, ningemshauri asikatae na asikubali ile karatasi. Aandike yake. Nyongeza iwe ya mwaka mmoja, inayoweza kuongezwa mwaka mwingine mmoja kwa maandishi ya pande zote mbili, basi. Kila mwaka kodi ilipwe yote kabla mwaka haujaanza, na ikichelewa siku 30 mkataba ujifie wenyewe bila kesi. Bei ipande, na pawepo ada ya kuongeza muda nje ya kodi. Ile laki tano ya shukrani iingie humo, kwa maandishi na stakabadhi. Fedha inayopita mkononi ikiwa na haraka kesho inageuka ushahidi dhidi yenu.

Halafu ekari. Wanatumia sehemu ya kokoto na makontena mawili. Hata ukiwapa ekari mbili wana nafasi ya kutosha kwa kilichopo sasa. Ekari nne zirudi leo, na wakizihitaji mtambo ukiwa kweli unakuja waje wazungumze upya kwa bei ya siku hiyo. Kama watang'ang'ania zote sita, basi iandikwe kwamba mzee anaruhusiwa kulima mazao ya muda mfupi kwenye sehemu isiyotumika, na wakitaka kuyang'oa wayalipe kwanza ndipo wang'oe. Kuendelea kulima pale ambapo shughuli za gesi hazijafika ni jambo linalotambuliwa katika sheria zetu, si fadhila ya mlinzi. Ile mihogo ya mwaka jana ilistahili kulipwa.

Mwisho wa mkataba nao uandikwe. Kokoto nani anaondoa? Waya? Udongo ulioshindiliwa na magari hauoteshi kitu, nani anaulima kwa katapila kuufungua? Nimeona maeneo ambayo kampuni ilishaondoka na mwenye shamba akaachiwa uwanja mgumu kama saruji. Msisaini chochote kisicho na kifungu hicho.

Na nikuulize wewe. Mkataba wa kwanza ulipitishwa na halmashauri ya kijiji? Kuna muhtasari wa kikao? Mama alisaini?

---

BintiMikorosho amejibu:

Mzee wangu shikamoo tena, na asante sana, na kaka wa Mchinga na kaka wa Pennsylvania Mungu awabariki. Nimewasomea nyumbani kwa sauti. Baba alisikiliza kimya mpaka hesabu ya korosho, hapo akaomba nirudie.

Nimeenda kwa mtendaji wa kijiji. Mkataba una mhuri na saini ya mwenyekiti, lakini mtendaji amepekua mafaili, muhtasari wa kikao hakuuona. Anasema kipindi kile alikuwepo mtendaji mwingine. Mama hakusaini, aliambiwa shamba ni la urithi wa baba kwa hiyo haimhusu. Hati ya kimila, ile ya kumiliki ardhi ya kijiji, hatuna, tuna ile karatasi ya mipaka ya babu na majirani wanaotufahamu.

Je, kukosekana kwa muhtasari kunatuumiza sisi au kunawaumiza wao? Kaka yangu ameshaanza kusema tuutumie kuwafukuza.

---

MthaminiMstaafu amejibu:

Kunawaumiza wao zaidi, ila msiutumie kuwafukuza.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 haimruhusu mwanakijiji kukodisha ardhi kwa mtu au kampuni isiyo ya kijiji kwa kusaini na mwenyekiti barazani. Inahitaji kibali cha halmashauri ya kijiji kama chombo, yaani wajumbe wamekaa, wamejadili, imeandikwa. Eneo likiwa kubwa au muda ukiwa mrefu, inapanda mpaka mkutano mkuu wa kijiji. Na kama wenye kampuni si raia kuna hatua za ziada, hizo muulizeni afisa ardhi wa halmashauri ya wilaya, yuko hapo hapo Mtwara na kumuuliza ni bure. Mkataba usio na kibali uko kwenye hatari ya kubatilishwa. Hilo wanasheria wa kampuni wanalijua kuliko mimi, na wakiambiwa kwa heshima kwamba safari hii mambo yapitie kikaoni, watakuwa na hamu ya kulirekebisha. Hiyo ndiyo nafasi yenu ya kuzungumza bei. Mkigombana nao mtaipoteza, mtabaki na kesi kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba, na kesi nazo zina kusubiri kwake.

Mama asaini safari hii. Shamba analolipalilia miaka yote ya ndoa linamhusu, na sheria ya vijiji inalinda maslahi ya mke. Zaidi ya sheria, mzee akitangulia mbele ya haki kabla ya mkataba kuisha, kampuni itazungumza na nani? Atajwe mama kwa jina lake kamili, kwamba kodi inaendelea kulipwa kwake.

Ombeni hati ya kimila mapema. Haitatoka kabla ya mwezi huu kuisha, lakini maombi yakiwa yameshapokelewa kijijini ni hatua. Na pimeni hizo ekari sita kabla ya kikao, kijana yeyote mwenye kifaa cha kupimia atawasaidia. Kipande kilichozungukwa na kokoto kipimwe peke yake, ili mkisema wanatumia kiasi fulani muwe na namba.

---

MmakondeUghaibuni amejibu:

Naongeza moja. Andikeni tarehe inayohusu mtambo wenyewe, si maandalizi. Huku kuna mikataba ilisema "kuanza shughuli", kampuni ikaleta greda siku ya mwisho, ikakwangua barabara kidogo, ikasema imeshaanza. Semeni "mtambo wa kuchimba umesimikwa na umeanza kutoboa".

---

BintiMikorosho amejibu:

Nimeshukuru mno. Tumekaa jana usiku, kaka akiwa kwenye simu. Tumekubaliana ekari nne zirudi, mbili zibaki kwao mwaka mmoja mmoja kwa laki nne kwa ekari, ada ya nyongeza ilipwe pembeni, na mama asaini. Kaka ameacha habari ya asilimia. Halmashauri ya kijiji inakaa Alhamisi na mtendaji ametuweka kwenye ajenda. Kuna wengine wawili kijijini wameletewa karatasi hiyohiyo, na mmoja alikuwa asaini kesho. Nimempelekea majibu yenu.

Baba ameuliza jambo moja tu: wakikubali, fedha ziingie wapi? Miaka yote walikuwa wanamletea taslimu.

---

MthaminiMstaafu amejibu:

Ziingie benki, akaunti ya baba na mama kwa pamoja, namba ya akaunti iandikwe ndani ya mkataba. Kampuni itakata kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango, hiyo ni halali, ila mdai hati ya zuio kila mnapokatwa. Mkiwa mnataka laki nne ifike mkononi kamili, semeni mapema kwamba bei ni baada ya makato.

Hao wawili wengine waende kikaoni pamoja nanyi Alhamisi. Watu watatu wakidai vifungu vilevile kampuni itaandika mkataba mmoja mzuri, mmoja mmoja itaandika mitatu mibaya.

Na barua yenu yenye masharti ipelekwe ofisini kwao kabla ya tarehe ya mwisho wa mkataba wa sasa, nakala kwa mtendaji wa kijiji na afisa ardhi. Ile nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa, na tarehe isomeke.